Shuka la Bi Hajra

Pale Sofu, Kibaha, watu wa mtaa huamshwa na harufu ya vitumbua vya Sada. Saa kumi na mbili asubuhi chuma chake kiko motoni tayari. Mafundi wanapita hapo, walimu wanapita hapo, na watoto wa shule nao hawakosi. Sada ana miaka hamsini na miwili. Vitumbua amevikaanga kwa miaka ishirini, na mikono yake inaijua kazi hiyo kuliko inavyojua kupumzika.

Jumatatu moja vitumbua vikagoma kuumuka. Vilitoka bapa na vigumu. Sada alionja kimoja, akajua kosa lake. Alikuwa amesahau kutia hamira.

"Mama Biasha, leo umetukaangia vigae," alisema fundi mmoja, na wateja wote wakacheka.

Sada naye alicheka ili yaishe. Lakini wateja walipoondoka alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo, akalia. Mtu mzima halilii hamira. Sada alikuwa analilia jambo jingine, na jambo hilo lilikuwa chumbani, limevaa kanga mbili, linauliza kwa mara ya sita kama chai iko tayari.

Huyo alikuwa mama yake, Bi Hajra, mwenye miaka sabini na minane. Kabla ya kuja Sofu alikuwa ameishi Maneromango, Kisarawe, maisha yake yote. Alilima mihogo na kusuka mikeka. Majani ya ukindu aliyatia rangi mwenyewe, na nakshi zake hazikupinda hata kidogo. Watu walitoka mbali kuagiza mkeka wa Bi Hajra.

Miaka minne iliyopita alianza kurudia maneno. Aliuliza swali, akajibiwa, akauliza tena. Watu wakasema ni uzee. Kisha nakshi za mikeka zikaanza kwenda upande. Mwishoni majirani walimkuta akipalilia shamba la watu, asubuhi nzima, kwa bidii. Alisema ni shamba la baba yake, na baba yake alikufa kabla Sada hajazaliwa. Ndipo Sada akamchukua, akamleta Sofu.

Kondo, mume wa Sada, alisema mama mkwe amechezewa kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa mikorosho. Walimpeleka kwa mganga. Mganga alimfukiza, akamwogesha dawa. Bi Hajra alirudi vilevile, ila alikuwa ananuka moshi.

Dada yake Bi Hajra, Chiku, naye aliwasahau wanawe kabla ya kufa. Kwa hiyo kule kijijini watu walishatoa hukumu. Walisema ukoo ule akili zake huwa zinaondoka mapema. Sada aliyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni. Mtoto wa nyoka ni nyoka, alijiambia. Leo hamira, kesho jina la mwanangu.

Ubaya ni kwamba mambo haya yalikuja wakati wa posa. Biasha, binti wa pekee wa Sada, anafundisha shule ya awali. Alikuwa amechumbiwa na Abdulaziz, kijana wa Mlandizi, mtaratibu na mwenye kazi yake. Barua ya posa ilikuwa imepokewa. Ilibaki siku ya mshenga kuleta shuka.

Katika ukoo wa kina Abdulaziz, shuka la bibi si zawadi ya kuacha mlangoni. Mshenga hulikabidhi mkononi mwa bibi mzaa mama, na bibi hutamka mwenyewe, "Nimepokea." Bila neno hilo, siku ya ndoa haipangwi. Ukweli ni kwamba desturi hii ina kazi mbili. Bibi anapewa heshima, na wageni wanapata nafasi ya kumtazama vizuri. Wanataka kujua binti anatoka kwa watu gani, na kama ukoo una maradhi yake.

"Wakimwona Mama, posa imekufa," Sada alimwambia mumewe.

"Basi wasimwone," alisema Kondo.

Siku ya mshenga, Sada alimwingiza Bi Hajra chumba cha nyuma. Akampa chai na mkate. Akafunga mlango kwa nje, akawasha redio ya sebuleni. Biasha alimtazama mama yake akifunga.

Mshenga alikuwa Mzee Mwishehe, mtu wa umri mkubwa, mwenye kofia safi na maneno ya kupima. Alikuja na shangazi wa Abdulaziz. Walisalimiana, wakala, wakasifu chakula. Kisha mzee akaweka shuka mapajani.

"Tunamwomba bibi atupokee," alisema.

"Bibi amekwenda Maneromango," Sada alijibu. "Ana msiba."

Wakati huohuo mtu alikohoa chumba cha nyuma. Sada akanyanyuka kwenda kuongeza sauti ya redio. Shangazi alitazama mlango, akamtazama Sada, akanywa maji.

"Hapana neno," alisema Mzee Mwishehe. "Wiki mbili zijazo, Jumamosi, tutapita hapa. Mtatuongoza mpaka Maneromango. Shuka halitumwi."

Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

Wageni walipoondoka, Sada alikimbia kufungua mlango. Chai ilikuwa imemwagika. Bi Hajra alikuwa amekaa sakafuni chini ya dirisha, amejikojolea, machozi yanamtoka.

"Chiku, dada yangu," alimwambia Sada, "nimekosa nini hata mnanifungia?"

Sada alipiga magoti, akamfuta machozi. Biasha alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji ya kumwogeshea bibi.

"Mama," alisema polepole, "siku yako ikifika, na mimi nikufungie humu?"

Sada aliumia. Aliumia kwa sababu hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiliogopa.

Jioni ile jirani yao alibisha hodi. Petronila alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini, na miaka ya mwisho alihudumia kliniki ya wazee. Sasa amestaafu. Mtaa mzima bado unamwita Sista.

"Mama Biasha, sikuja kwa umbea," alisema. "Nilikuwa naanika nguo. Nimeona mikono ya Bibi dirishani, anaomba afunguliwe. Nimeshindwa kukaa kimya."

Sada alitaka kukasirika. Badala yake alilia, akamweleza yote: shamba la watu, mganga, mama mkubwa Chiku, hamira na shuka. Petronila alisikiliza hadi mwisho. Hakumlaumu. Aliomba maji, akanywa.

"Bibi hajarogwa," alisema. "Wala hana wazimu. Nadhani anaumwa ubongo. Kuna ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee wengi, unaitwa Alzaima. Lakini siyo kila mzee anayesahau anao huo. Lazima apimwe."

"Unamlaje mtu ugonjwa huo?"

"Taratibu. Ndani ya ubongo hujikusanya mabaki ya protini, kidogo kidogo, kwa miaka mingi kabla dalili hazijaonekana. Chembe za ubongo zinakufa, ubongo unasinyaa. Wewe ni mtoto wa msuka mikeka. Mkeka ukianza kufumuka, unaanzia wapi?"

"Ukingoni. Pale ulipomalizia."

"Na katikati?"

"Kunabaki siku nyingi."

"Ndivyo kumbukumbu zinavyokwenda. Za jana zinatoka kwanza. Za utotoni zinabaki. Ndiyo maana anakuita Chiku, na analiona shamba la baba yake."

Kisha Sada akauliza lile aliloliogopa.

"Sista, unarithiwa?"

"Swali zuri, na jibu lake linataka subira," alisema Petronila. "Kila mtu hupewa vinasaba na wazazi wake. Ni maelekezo ya mwili, kama yale yanayokupa urefu wa baba na macho ya mama. Kuna vinasaba vinavyoongeza uwezekano wa kupata ugonjwa huu. Kuongeza uwezekano si kuleta ugonjwa. Nimehudumia watu walioumwa bila kuwa na ndugu yeyote mgonjwa. Na wapo wenye wazazi wagonjwa, wamefika miaka tisini na akili zao."

"Kijijini wanasema ukoo wetu wote."

"Koo ambamo ugonjwa unashuka moja kwa moja kutoka mzazi hadi mtoto zipo, lakini ni chache mno duniani. Huko watu huanza kuumwa mapema, miaka arobaini, hamsini, kizazi baada ya kizazi. Mama yako alianza na miaka mingapi?"

"Sabini na minne."

"Na mama mkubwa?"

"Alikuwa amepita sabini na tano."

"Basi ukoo wenu haufanani na hizo. Wewe kama mtoto wa mgonjwa uwezekano wako uko juu kuliko wa mtu asiye na mgonjwa kwao. Sikudanganyi. Lakini hujaandikiwa kuumwa."

"Na kipimo cha damu? Nijue moja."

"Kipimo cha vinasaba kipo, lakini kwa mtu kama wewe madaktari hawakiagizi hivihivi. Hakitakwambia utaumwa au hutaumwa. Kitakuachia hofu tu, na hofu unayo ya kutosha." Petronila akatabasamu. "Hiyo hamira, ulilala saa ngapi siku hiyo?"

"Silali, Sista. Tangu Mama aje silali."

"Mtu asiyelala husahau hamira. Mgonjwa husahau hamira ni ya nini. Angalia tofauti hiyo. Kesho kutwa ni kliniki. Tunakwenda wote, na wewe utapimwa."

Kliniki ilikuwa na watu wengi, lakini daktari hakuwa na haraka. Aliitwa Aneth, binti mdogo mwenye miwani. Alimwamkia Bi Hajra kwa shikamoo, akapokea marahaba, ndipo akaanza maswali.

"Bibi, leo ni siku gani?"

Bi Hajra alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, daktari mzima hujui siku?"

Hata Kondo, aliyekuja amenuna, alicheka. Lakini kicheko kiliisha haraka. Bi Hajra alitajiwa vitu vitatu: jembe, chungu, mbuzi. Baada ya dakika chache hakukumbuka hata kimoja. Aliombwa kuchora saa, akachora duara, akakwama na kalamu mkononi. Sada alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Walimpima presha, sukari, damu na macho. Daktari alichungulia masikio, akaita muuguzi. Masikio yote mawili yalikuwa yameziba kwa nta. Yalisafishwa. Bi Hajra akageuka, akasema, "Kumbe huyu bwana anazungumza." Alikuwa anamtazama Kondo.

Majibu yalipotoka, walirudi. "Ni Alzaima," alisema Daktari Aneth. "Sina dawa ya kuuponya, na hakuna aliye nayo, kwa hiyo msipoteze nguvu kuitafuta. Kipo kidonge kinachowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, tutakijaribu. Bibi pia ana presha, na hiyo inauumiza ubongo zaidi. Hiyo tunaitibu. Masikio nayo yalikuwa yanamtenga na watu. Mtu asiyesikia huonekana amepotea kuliko alivyo."

Kisha akampima Sada. Presha yake ilikuwa imepanda.

"Umeona," alisema Petronila. "Ulikuwa unaogopa damu ya ukoo, kumbe kuna jambo unaloliweza limekaa mkononi mwako."

Daktari alikubaliana naye. Alimwambia Sada atumie dawa za presha bila kuacha, apunguze chumvi, alale, atembee kila siku. Mtu apimwe sukari. Asiyesikia vizuri atibiwe mapema. Sigara na pombe nyingi havifai. Anayepanda bodaboda avae kofia, maana kichwa kilichoumia leo kinaweza kuleta ugonjwa huo uzeeni. Na mtu asijifungie peke yake, kwa sababu ubongo unapenda mazungumzo na kazi.

"Nikifanya yote hayo, sitaugua?" Sada aliuliza.

"Siwezi kukuahidi. Ninachosema ni kwamba unapunguza hatari. Na hata ukija kuugua, huenda ukachelewa."

Nyumbani mambo yalibadilika, ingawa siyo kwa siku moja. Zamani Bi Hajra alipomuulizia baba yake, Sada alijibu, "Mama, babu alishakufa." Kila mara mama alilia kama msiba umetokea leo. Petronila alimfundisha njia nyingine. Sasa Sada alisema, "Hebu niambie, babu alikuwa mtu wa namna gani?" Bi Hajra alieleza kwa furaha, na swali likapita. Chai ilinywewa saa ileile, kiti kilikaa palepale. Kondo aliweka komeo jikoni, ili bibi asiguse moto. Biasha alishona kitambaa kwenye pindo la kanga ya bibi, chenye jina lake na namba ya simu.

Ukindu nao ulirudi. Sada alikuwa ameuficha, kwa aibu ya nakshi zilizopinda. Petronila alisema, "Mpe. Mikono inakumbuka zaidi ya kichwa." Bi Hajra akawa anakaa barazani anasuka ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka, rangi zinakwenda zinakotaka. Usiku alianza kulala. Na Sada naye akalala.

Lakini Jumamosi haikusahau kuja.

"Tuseme nini?" Kondo aliuliza asubuhi.

Sada alikuwa hajui atasema nini. Alichojua ni kwamba mlango ule wa chumba cha nyuma hataufunga tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikwisha kuumbuliwa na mama yake mwenyewe sakafuni. Alimwita Biasha.

"Nikisema kweli, huenda posa ikavunjika," alimwambia.

"Ikivunjika kwa ajili ya Bibi, acha ivunjike," alisema Biasha. Alimpenda sana Abdulaziz, na mama yake alilijua hilo.

Mzee Mwishehe na shangazi walifika tayari kwa safari. Walimkuta Bi Hajra barazani na ukili wake, na Sista Petronila, muuguzi mstaafu, amekaa kando yake. Sada hakusubiri wakae.

"Wazee wangu, nawaomba radhi. Huyu ndiye mama yangu. Siku ile alikuwa hapa ndani. Nilimfungia. Anaumwa ugonjwa wa kusahau, nami niliona aibu."

Shangazi ndiye aliyeanza kuuliza.

"Ni ugonjwa wa ukoo?"

Sada alimtazama usoni.

"Mama yangu anao. Mama mkubwa alikuwa nao. Daktari ametueleza kwamba sisi watoto hatari yetu imeongezeka, lakini si lazima tuumwe. Ni ugonjwa wa ubongo wa wazee. Hauambukizi, wala si laana. Mimi natumia dawa za presha, natembea asubuhi na jioni. Zaidi ya hapo Mungu anajua."

"Na binti?"

"Binti anaweza kuupata uzeeni. Hata wewe shangazi. Hata mimi. Sitawadanganya tena."

Mzee Mwishehe alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo.

"Nyumba isiyokuwa na mzee aliyesahau," alisema mwishowe, "basi wazee wake hawakuishi sana. Siku ile nilisikia kikohozi. Niliondoka najiuliza, watu hawa wanaficha nini. Leo sijiulizi. Mimi sikuja kuposa ukoo usio na maradhi, maana sijawahi kuuona. Nilikuja kutafuta watu wa kweli."

Akapiga goti mbele ya Bi Hajra, akanyoosha shuka kwa mikono miwili.

"Shikamoo Bibi. Tumekuja kumposa mjukuu wako."

"Marahaba." Bi Hajra alilipokea shuka. Alilipapasa kwa vidole, akalifunua, akaligeuza upande wa pili. Hapo alikuwa fundi akikagua kazi ya fundi. "Limefumwa vizuri," alisema. "Nani anaolewa?"

"Mimi, Bibi," alisema Biasha, akakaa miguuni pake.

Bi Hajra alimtazama kwa muda mrefu.

"Mtoto huyu simjui," alisema. "Lakini ana adabu. Mpeni. Nimepokea."

Shangazi alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele. Wakati wa kuondoka, Mzee Mwishehe alibaki nyuma kidogo. Alimuuliza Petronila kwa sauti ya chini kliniki ya wazee huwa siku gani. Petronila alimtajia, naye hakumuuliza anataka kumpeleka nani.

Ndoa ilifungwa baada ya mfungo. Bi Hajra alikaa mbele, amejifunika shuka lake. Biasha alikalishwa juu ya mkeka uliosukwa na bibi kwa miezi ile, rangi zimepishana, nakshi zimekwenda upande. Mgeni mmoja alisema mkeka umepinda. Sada alimjibu kwamba ndivyo ulivyosukwa, na hakuona aibu.

Jioni, kabla bibi harusi hajapandishwa garini, Sada alimvuta pembeni.

"Mwanangu, huenda hali ya Bibi isinifike. Lakini siku nikikuuliza wewe ni nani, usinifungie. Niambie jina lako, hata kama nimeuliza mara kumi."

Biasha alimkumbatia mama yake kwa nguvu.

"Nitakuweka mbele, Mama, kama Bibi," alisema. "Na hamira nitatia mimi."